CNC ya kuning'inia: mstari wa mlalo unapinda na kupungua

Kibao_Magongo
Salaam mafundi. Mashine ni CNC (ya kukata mbao ikiongozwa na kompyuta) ya kujiundia: mota mbili juu, minyororo yenye pini kila mm 6.35, sproketi za meno 10, na kibao cha kisu kinaning'inia mbele ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4. Umbali wa mota kwenye programu ni mm 2990. Mstari wa mlalo wa mm 2000, uliokatwa katikati ya plaiwudi, unatoka 1993, na kati yake umepanda kama mm 3 kuliko ncha. Nishike wapi?

RandaNaTepu
Waalaikum salaam. Umbali wa mota huo. Ila usiuguse kabla ya kuhakiki mnyororo, utakuja kuficha kosa kwa kosa. Meno 10 huvuta mm 63.5 kwa mzunguko mmoja. Iamuru mota itoe mm 1000, tia alama kwenye pini, pima kwa tepu ya chuma. Ikikosa, hesabu meno upya na uangalie hatua za mota kwenye programu.

Mnyororo ukitoa mm 1000 sawasawa: 2990 × 2000 ÷ 1993 = 3000.5. Yaani mota zako ziko mita 3. Thibitisha kwa kupima kitovu cha shafti hadi kitovu cha shafti, kibao kikiwa kimening'inia, maana boriti hupinda ikibeba uzito.

Hizo mm 10 si haba. Kama shafti ziko mm 500 juu ya plaiwudi, kisu kinakaa mm 15 juu ya pale kinapotakiwa kwenye ukingo wa juu, karibu 7 katikati, 4 tu chini. Ndiyo sababu ukitengeneza huku, kule kunaharibika. Ukishabadilisha, weka urefu wa minyororo upya: kisu kikiwa katikati kabisa, na shafti zikiwa kwenye hizo mm 500, kila upande ni mm 1866 kutoka usawa wa shafti hadi kisu, bila kipande kinachozunguka sproketi.

Kibao_Magongo
Shukran. Na duara kwenye pembe za chini linatoka yai. Niongeze matofali juu ya kibao?

Chuma_Likoni
Kwanza, minyororo umeifunga wapi? Ikiwa ni bolti mbili pembeni mwa kibao, kibao kinajizungusha kadiri kinavyokwenda pembeni na hesabu ya pembetatu haishiki tena. Funga kwenye ringi yenye beringi, ili mistari yote miwili ielekee kwenye ncha ya kisu.

Halafu pembe ya chini ina taabu yake. Kwa vipimo vyako mnyororo wa mbali unavutwa kama moja ya tano tu ya ule wa karibu, kwa hiyo unalegea, na msuguano wa kibao unaushinda. Uzito unasaidia, lakini jaribu kwanza kupaka nta chini ya kibao na kupunguza mwinamo wa fremu kwenda nyuma: nyuzi 15 ni mm 268 kwa kila mita ya kimo, zikizidi hapo msuguano unapanda bure.

Na hapa pwani, mnyororo mkavu hushika kutu upesi. Pini zikikwama unapata kosa lisilojirudia, ambalo hakuna hesabu italitoa. Mafuta mepesi, kisha futa, vumbi la mbao lisigande.