Jirani, dawa yako imeishia kwenye nepi zangu na viwavi bado wako kwenye mahindi

Naandika hasira ikiwa bado ya moto, kwa hivyo mnivumilie.

Leo saa saba mchana, jua la utosi, upepo wa Nakuru kazini kama kawaida, jirani yangu wa upande wa chini hapa Kiamunyi kabeba pampu ya lita 20 mgongoni, kaanza kupiga mahindi dawa. Barakoa hana, glavu hana, miguuni ndala. Ukungu ukapanda, ukavuka seng'enge, ukatua kwenye kamba yangu ya nguo. Nepi 11, shuka mbili, sare ya shule ya binti yangu. Nilipotoka nikipiga kelele akanipungia mkono. Alidhani namsalimia!

Simtaji. Na si yeye peke yake aliyenifikisha hapa, ndiyo maana nafungua uzi badala ya kwenda kugonga geti lake. (Geti nitaligonga pia, msijali.)

Kwa wanaoishi ghorofani na hawajui tunalia nini: ni viwavijeshi vamizi. Si wale viwavijeshi wa zamani ambao wazee wetu waliwajua, wanaokuja kundi zima, wanakomba nyasi na mimea, kisha wanaenda zao. Hawa asili yao ni Amerika. Afrika Magharibi walionekana 2016, na 2017 walikuwa washaingia Kenya, magharibi kwanza. Mwaka huo mama alinipigia simu kutoka Bungoma akaniambia mahindi yake yamekuwa kama chekecheo, na kwamba mdudu mwenyewe hamjui. Nikamwambia pole mama, nikaendelea na shughuli zangu. Nilikuwa napanga chumba Section 58, mahindi nayanunua kwa gorogoro, nikaona hayo ni mambo ya mashambani huko.

Sasa nina kiploti changu, futi 50 kwa 100. Nyumba imekula nusu, nusu iliyobaki ina mahindi, maharagwe na sukuma wiki. Majirani wote wamefanya hivyo hivyo. Panda juu ya tangi la maji uangalie: mtaa mzima ni mahindi na mabati. Jiji tulitangaziwa Desemba 2021 kwa shangwe, lakini aje mtu Kiamunyi mwezi wa tano anionyeshe jiji liko wapi.

Aliyewaona kwanza ni binti yangu. Mahindi yalikuwa na wiki kama tatu, majani yana vijidirisha vyeupe, kama mtu kayakwangua upande mmoja akaacha ngozi nyembamba. Mimi nilisema ni mvua ya mawe. Mtoto akafungua moyo wa shina, kule ndani kabisa jani jipya linakojikunja, akaniita: "Mama, huyu ameandikwa Y usoni, lakini imepinduka." Nikavaa miwani. Kweli, Y ya rangi hafifu, kichwa chini miguu juu, katikati ya uso. Karibu na mkia madoa manne meusi yamekaa mraba kama upande wa dadu. Nyuma yake uchafu umejaa kama vumbi la mbao lililoloa. Shina lile zima lilikuwa na mmoja tu, mnene, na nikafurahi kama mjinga. Baadaye ndipo nikajua kwamba wakishakua wanalana wenyewe kwa wenyewe. Huyo niliyemwona alikuwa ameshamaliza ndugu zake.

Nikakimbilia agrovet. Hapo nina aibu yangu na nitaisema. Kijana wa dukani akanitolea chupa ya soda, haina kibandiko, ndani kuna maji ya rangi ya maziwa. "Mathe, hii ukipiga leo, kesho wamelala." Shilingi 250. Nikauliza inaitwaje, akasema "ya viwavi." Nikauliza nisubiri siku ngapi kabla ya kuchuma sukuma iliyo pembeni, akacheka kama nimemtania. Na bado nikanunua. Nikapiga. Kesho yake viwavi walikuwa macho kuliko mimi.

Kijana wangu wa agrovet, kama uko humu, sikiliza. Dawa ya halali inakuja na kopo lake, kibandiko chenye namba ya usajili ya PCPB (bodi ya serikali ya kudhibiti dawa za wadudu), kipimo, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Ukiimimina kwenye chupa ya soda umeondoa vyote hivyo, na umeweka sumu kwenye chombo ambacho mtoto yeyote akikiona anatafuta mdomo wake. Wangu wa miaka miwili aliikuta jikoni. Kizibo kilikuwa kigumu. Ni hilo tu lililomwokoa, na kosa la kuiacha pale ni langu, lakini la kuijaza ni lako.

Na hata dawa iwe nzuri namna gani, hawa hawapigwi mchana. Kiwavi akiwa mchanga, siku za kwanza, yuko juu juu ya jani na dawa inamfikia. Akishanenepa anashuka ndani ya moyo wa shina na kuziba mlango kwa kinyesi chake mwenyewe. Anajitokeza kula kukiwa na ubaridi: jioni, usiku, alfajiri. Saa saba amejikunja chini kabisa anakusikiliza ukipampu. Kwa hivyo mtu akipiga dawa saa hiyo, tena kwa mkupuo wa juu juu badala ya kuielekeza ndani ya shina, ananyunyizia hewa. Na anachokiua ni nyuki, pamoja na wale nyigu wadogo wanaotaga mayai yao ndani ya mayai ya hao hao wadudu na kutusaidia bure. Kinachobaki mvua inakichukua. Maji ya mitaa yetu yanaishia wapi? Ziwa Nakuru, kwa heroe.

Kisha wiki ijayo anarudi na dawa ile ile, na wiki nyingine ile ile. Kule kwao Amerika wadudu hawa washazoea dawa za makundi mengi kwa mchezo huu huu wa kurudia. Tunawafundisha mtihani.

Nilienda kutafuta msaada rasmi, msiseme nimekaa tu kulalamika mtandaoni. Ofisi ya kwanza, sitaitaja, bwana mmoja aliyekuwa na chai yake akanisikiliza vizuri mpaka aliposikia mahali.

"Madam, hapa tunahudumia wakulima."

"Mimi nimelima."

"Wapi?"

"Kiamunyi."

"Hayo ni makazi."

Akanituma ofisi nyingine ya mambo ya jiji. Huko mama mmoja mwenye adabu sana akaniambia mahindi ni kilimo, nirudi nilikotoka. Matatu kwenda, matatu kurudi. Kwenye ua wa ile ofisi ya kwanza kulikuwa na mtego wa ndoo umetundikwa, ule wenye chambo cha harufu ya nondo jike, mama wa viwavi hawa, ili madume yaingie. Nikachungulia. Utando wa buibui. Chambo hicho huisha nguvu baada ya wiki chache na lazima kibadilishwe. Kile nadhani kimekaa hapo tangu mwaka jana. Na kwa taarifa yenu, mtego wenyewe ni wa kukuonya kwamba nondo wamefika, si wa kuwamaliza, maana wanaotaga hawaingii humo. Sasa umekauka, utamwonya nani? FAO na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania walitoa programu ya simu ya kumtambua mdudu huyu mwaka 2018, wakaipa jina la Kiswahili, Nuru. Jina zuri. Hakuna mtu hata mmoja kutoka ofisi yoyote aliyewahi kuja kututajia mtaani kwetu. Nililikuta mwenyewe nikitafuta usiku kwa bando langu.

Lakini kinachoniuma zaidi ni ile ploti ya nyuma. Mwenyewe yuko Nairobi, sijawahi kumwona. Keretaka wake anaikodisha vipande vipande kwa yeyote mwenye elfu moja. Mmoja kapanda mwezi wa tatu, mwingine wa nne, mwingine juzi tu baada ya kuhama wa kwanza, na katikati kuna mahindi yaliyojiotea na nyasi za kufika kiunoni. Maana yake nini? Maana yake mwaka mzima kuna mahindi machanga mahali fulani, na mahindi machanga ndiyo hawa wanayoyataka. Sisi tukivuna tukapumua, wao wamehamia kule. Tukipanda, wanarudi. Nondo jike mmoja anataga fungu la mayai 100 mpaka 200 kwa mara moja, na kwa maisha yake anapita 1,000. Kwenye joto kama la Kisumu, yai linakuwa nondo kwa muda wa mwezi. Kwetu na hii baridi wanachelewa kidogo, hawaachi. Na nondo huyo anaweza kuruka hata kilomita 100 kwa usiku mmoja. Halafu mtu ananiambia "mimi nimemaliza wa kwangu." Wa kwako ni wapi? Wana hati?

Nimemwambia keretaka mara tatu. Mara ya tatu akanijibu, "Mama, hao wadudu ni wa serikali."

Ninachofanya mimi ni kazi ya mikono, na nakiri haina raha. Mara mbili kwa wiki, saa kumi na mbili asubuhi, mimi na binti na tochi. Tunapitia mashina 140, dakika arobaini hivi. Mayai mengi tunayakuta chini ya jani, yamefunikwa manyoya ya kijivu kama ukungu wa mkate. Ukiyaponda kwa kidole umemaliza viwavi mia na zaidi kabla hawajawa na meno. Wakubwa tunawachokoa kwa kijiti, tunawatupia kuku, na kuku wameshatujua, wanatupanga foleni. Mashina ambayo siwezi kumfikia kiwavi, nafanya alivyonielekeza mama kwa simu: udongo mkavu na majivu, kiasi cha kushika kwa vidole vitatu, unadondosha ndani ya moyo wa shina. Anakwaruzwa, anakabwa, anakufa au anatoka. Mpaka leo nimepoteza mashina tisa. Mahindi yenye mbolea na mvua hupona kuliko mnavyodhani. Majani yaliyotoboka yanatisha macho kuliko yanavyopunguza gorogoro.

Kwa hivyo nikiona mtu analipa 250 kila wiki kuninyunyizia nepi, nachemka.

NYONGEZA, saa mbili usiku. Nimesoma majibu.

Aliyesema mahindi yafyekwe mjini kwa sababu yanaficha wezi: wezi wa kwetu wanakuja na pikipiki mchana kweupe, hawahitaji mahindi.

Aliyeuliza kuhusu sukuma-vuta, ile mbinu ya kupanda mimea ya kufukuza wadudu na ya kuwavuta, asante, umeongea jambo. Wale watu wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita walikuwa wanaitumia kwanza kwa viwavi wanaotoboa mashina na kwa kiduha, gugu linalonyonya mahindi, kisha ikaonekana hata hawa wavamizi wanapungua sana. Desmodiamu katikati ya mistari inawafukuza, nyasi za brakiaria pembeni zinawavuta. Tatizo langu ni ukubwa wa ploti. Pembeni yangu ni ukuta wa jirani. Ila nina wazo la brakiaria kwenye seng'enge ya chini, na yule mwenye ng'ombe kule juu amesema atazikata mwenyewe. Mwenye mbegu ya desmodiamu hapa Nakuru aniandikie faragha, nahitaji kidogo tu.

Aliyesema "mama, punguza hasira, ni mahindi tu": unga ukipanda utanitafuta.

NYONGEZA ya pili. Nimegonga geti. Mzee mwenyewe si mtu mbaya. Kanionyesha chupa aliyotumia: ya soda, maji ya rangi ya maziwa, duka lile lile. Macho yamemvimba na mikono inamwasha, na alikuwa hajanawa tangu mchana. Nimemwambia aoge kwa sabuni, avue zile nguo, na asipoamka vizuri aende hospitali na hiyo chupa mkononi. Mke wake amesema kesho saa kumi na mbili watakuja na tochi tuwaonyeshe mayai yalivyo. Wapangaji wawili wa ploti ya nyuma pia wamekubali kung'oa yale yaliyojiotea. Keretaka simu haishiki.

Nani mwingine wa Kiamunyi, upande wa barabara ya Kabarak, yuko tayari msimu ujao tupande wote wiki moja? Andikeni hapa chini nihesabu.

Na mzee, kwa kuwa umesema mwanao yuko humu na atakusomea: nepi nimezifua mara mbili, sabuni ya mche imeisha. Sidai. Lakini ukija kesho usije mikono mitupu.