Naomba ushauri: kucha za miguu zimekuwa nyeusi baada ya kushuka Mweka

Mkimbiaji_Pasua (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Mnaokula mnisamehe, leo nimekuja na habari za kucha za miguu.

Niko hapa Moshi, umri miaka 34, kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti kutwa. Tangu Agosti najiandaa na nusu marathoni ya Kilimanjaro, kilomita 21. Jumamosi nilipanda barabara ya Mweka na kurudi, jumla kilomita 18. Kupanda nilihema kama mashine ya kusaga, lakini miguu haikusumbua. Wakati wa kurudi nikasema hapa ndipo pa kufidia muda, nikaachia breki hadi mjini. Kuvua soksi nyumbani, nikakuta damu imevilia chini ya ukucha wa kidole gumba cha kulia. Kidole cha pili cha kushoto nacho hivyo hivyo (hicho ni kirefu kuliko gumba, nimerithi kwa mama). Leo siku ya nne, ukucha wa gumba ni mweusi tii. Maumivu yamepungua, ila nikivaa viatu vya kazini naona nyota mchana.

Raba nilinunua za mtumba pale Memorial, namba 42, ndiyo namba yangu ya siku zote. Nilizijaribu asubuhi zikanikaa sawasawa.

Je, niung'oe huu ukucha? Nitoboe damu itoke? Na nikirudi barabarani nifanyeje yasinikute tena? Jirani yangu ameshaniambia niache mbio, nikanywe mbege kama watu wengine.

Mangi_Kiboriloni
Jirani ana hekima zake. Huo ukucha upelekee masale, lile jani letu Wachagga la kuombea msamaha, uuombe radhi, umeukosea sana.

Chuma_Sombetini
Mkuu usisumbuke. Mimi huku Arusha niliung'oa wangu kwa plaizi, nikamwagia spiriti, wiki iliyofuata nikawa barabarani. Mwanaume hasumbuliwi na ukucha.

Nesi_wa_Zamu
Chuma, hiyo plaizi irudishe gereji.

Mleta uzi, usiung'oe. Hata kama umekufa, ukucha huo ni kifuniko cha nyama laini iliyo chini, na nyama hiyo ikiachwa wazi ndani ya soksi yenye jasho, usaha hauchelewi. Mpya utaota taratibu na kuusukuma wa zamani. Sehemu ikianza kulegea yenyewe, kata ile iliyolegea tu kwa kikata kucha kisafi, iliyoshika iache. Safisha kwa maji na sabuni, kausha, funga plasta isikwaruze soksi.

Kuhusu kutoboa, hilo lina wakati wake. Damu ikiwa mbichi na ukucha unapwita kiasi cha kukunyima usingizi, unakwenda hospitali siku ile ile au kesho yake, wanatoboa tundu dogo kwa kifaa safi, damu inatoka na nafuu unaipata palepale. Wewe uko siku ya nne na maumivu yanapungua. Damu imeshaganda, ukitoboa sasa unawafungulia wadudu mlango tu. Na mwenye kisukari asijitibu mguu nyumbani hata kama ni mchubuko.

Uwe na subira pia. Kucha za miguu hukua kama milimita moja na nusu kwa mwezi, kwa hiyo wa gumba unaweza kuchukua mwaka hadi mwaka na nusu kurudi wote. Viatu vya wazi harusini sahau kwanza.

Gaidi_Mstaafu
(Gaidi wa mlimani, si yule mwingine.)

Kijana, ulijibu swali lako mwenyewe uliposema umeachia breki. Nimeshusha wageni miaka mingi kwa njia ya Mweka, kutoka kilele cha Uhuru mita 5,895 hadi getini kwenye mita 1,640 hivi. Kupanda hakuuwi kucha. Kinachoziua ni mteremko: kila hatua mguu unateleza mbele ndani ya kiatu na kidole kinagonga ukuta. Piga hesabu ya hatua ulizokanyaga kutoka Mweka hadi mjini, zote zimegonga palepale.

Wageni wangu nilikuwa nawakagua kucha kabla ya safari, wengine walinuna. Kata fupi, ukate kwa mstari ulionyooka. Usichimbe pembeni, utaota kwenda ndani ya nyama na hapo utautamani huu mweusi. Kata siku mbili tatu kabla ya mbio ndefu, si asubuhi ile ile, ili ukikosea kidonda kipate kupona.

Mteremkoni fupisha hatua, ziwe nyingi na nyepesi. Usitupe mguu mbele na kukanyaga kwa kisigino kama unafunga breki.

Fundi_Raba
Nauza raba za mtumba, nisikilize mimi ninayekula kwa miguu yenu.

Kosa la kwanza ni kujaribu asubuhi. Mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na ukikimbia muda mrefu huvimba zaidi. Njoo jioni, uje na soksi unazokimbilia. Simama wima, usikae. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kwako kipimo ni hicho kidole cha mama, si gumba la mguu. Anayevaa 42 ofisini mara nyingi anatoka kwangu na 43, na namba zenyewe hazifanani kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo amini mguu wako kuliko kile kibandiko.

Ila raba kubwa isiyofungwa vizuri ni balaa lile lile. Angalia lile tundu la juu kabisa karibu na kifundo, ambalo wengi mnaliacha wazi. Pitisha kamba kwenye tundu hilo upande ule ule bila kuvusha, uache kitanzi kidogo. Fanya hivyo pande zote mbili. Kisha vusha kila ncha ipite ndani ya kitanzi cha upande wa pili, vuta, funga. Kisigino kinabanwa nyuma, mguu hautelezi tena. Huko mbele kwenye vidole legeza.

Soksi za pamba tupu achana nazo, zikilowa jasho hukunjamana.

MamaNeema_Shanty
Shikamoo Gaidi. Jamani, wangu una weusi miezi minane sasa na sikumbuki kujigonga popote. Sikimbii hata, natembea tu asubuhi. Ni fangasi?

Nesi_wa_Zamu
Dada, fangasi kwa kawaida hufanya ukucha uwe mnene, wa njano, unamomonyoka. Damu iliyovilia husogea mbele ukucha unavyokua, na nyuma yake unaona mpya msafi. Wako umesogea?

MamaNeema_Shanty
Haujasogea. Ni kama mstari, na naona unapanuka.

Nesi_wa_Zamu
Basi usisubiri ushauri wa humu. Sisi weusi kuwa na mistari kwenye kucha kadhaa ni jambo la kawaida, lakini mmoja peke yake, mpya, unaopanuka au unaoingia kwenye ngozi ya pembeni, huo daktari auone. Bob Marley alidhaniwa ameumia kwenye mpira, kumbe ilikuwa saratani ya ngozi chini ya ukucha wa gumba la mguu. Iligunduliwa 1977, akafariki 1981. Sikutishi, mara nyingi si hiyo. Uko Shanty Town, hospitali ya KCMC ni jirani na wana kituo cha magonjwa ya ngozi. Nenda wiki hii.

MamaNeema_Shanty
Naenda Jumatatu. Asante dada.

Mkimbiaji_Pasua (mleta uzi)
Mrejesho baada ya wiki sita. Sikung'oa. Wa kidole cha pili ulitoka wenyewe bafuni, sikusikia hata maumivu, na chini kuna kipya chembamba kama ganda la kitunguu. Wa gumba bado umeng'ang'ania, mweusi, ila nyuma yake mstari mweupe unaonekana. Nilichukua 43 jioni, kamba nafunga kwa vitanzi. Jana nimeshuka Mweka kwa hatua fupi, nimepitwa na mama mwenye ndizi kichwani, lakini vidole vizima.

Dada MamaNeema, ulipata majibu?

MamaNeema_Shanty
Wamekata kipande kidogo kwenda kupima. Nasubiri, niombeeni.

Chuma_Sombetini
Tunakuombea dada. Fundi, 44 unazo? Nauliza kwa ajili ya rafiki.