Naomba ushauri: kima wangu anabadilika sura kila ukurasa

Habari zenu ndugu zangu. Naandika mfululizo wa hadithi za wanyama kwa watoto wa darasa la kwanza na la pili. Mhusika mkuu ni mtoto wa kima punju, wale wa msitu wa Jozani, Unguja. Nachora mwenyewe kwa rangi za maji.

Kitabu cha kwanza, kurasa 24, kimekamilika. Cha pili kinanitesa. Ukurasa wa 3 kima ana uso wa mviringo, ukurasa wa 9 pua imerefuka. Mwanangu wa miaka 7 akaniuliza, "Mama, huyu ni nani tena?" Tena nilimchora kashika embe kwa kidole gumba, wakati kima punju gumba lake ni kijinundu tu. Mkono ule nimeufuta mara nne, karatasi imeota manyoya.

Wachoraji, mnafanyaje mhusika abaki yule yule kitabu hadi kitabu?

Jingine: kima punju hula mkaa kwelikweli, na sehemu hiyo naipenda sana. Niiache, au watoto wataiga? Mchapishaji mmoja kaniambia niitoe na nimvishe kaptula. Roho yangu inakataa. Wenye uzoefu, mngemjibuje?