Tupeane uzoefu: fundisho lililokukosanisha na watu wako

Kijana_wa_Kayole
Jana kwenye matatu ya kutoka tao, abiria wawili waliotoka ibadani walianza polepole: mtu akishaokoka, anaweza kuupoteza wokovu au hawezi? Kufika Donholm mmoja akashuka kabla ya stegi yake kwa hasira, makanga akabaki na chenji. Nikakumbuka kwetu. Baba na amu hawakusalimiana mwaka mzima kwa sababu ya maji. Amu alinyunyiziwa utotoni, na baba akasema huo si ubatizo, ni kunawishwa uso. Haya, tupeane. Fundisho gani liliwahi kukukosanisha na mtu wako? Msilete mistari mia, leteni yaliyowapata.

Dereva_58
Kwangu ni unyakuo, ule wa waumini kuchukuliwa mbinguni. Mwaka 2009 mke wangu alikataa tununue ploti Joska. Akaniuliza, "Utaijengea nani na parapanda iko karibu kulia?" Bei ya leo sitaitaja, nitalia mimi kabla ya parapanda.

Sauti_ya_Rongai
Mimi nimesomea theolojia miaka minne. Kanisani kwetu nafundisha watoto, na mimbari naipata Jumapili ya akina mama, mara moja kwa mwaka. Mwaka jana nilipopanda, wazee watatu walitoka nje wakasimama kwenye maegesho mpaka nikamaliza, kisha wakarudi kwa sadaka. Mmoja wao ni babamkwe wangu. Tulikula naye chakula cha mchana siku hiyohiyo, nikampakulia.

Askari_wa_Msalaba
1 Timotheo 2:12, "Simpi mwanamke ruhusa ya kufundisha." Si wazee waliosema, ni Paulo.

Sauti_ya_Rongai
Na Paulo huyohuyo anamsifu Fibi, mwanamke mhudumu wa kanisa, katika Warumi 16. Waanglikana walimweka Rose Okeno kuwa askofu wa Butere mwaka 2021, na sijasikia Butere imezama.

Askari_wa_Msalaba
Na Wabaptisti wa Kusini kule Marekani walilitoa kanisa la Saddleback mwaka 2023 kwa jambo hilohilo. Ukubwa wake haukulisaidia.

Mama_Tii
Nilikuwa nasoma tu, sikupanga kuandika. Lakini hilo la kupoteza wokovu limenigusa pabaya.

Kaka yangu mdogo aliokoka akiwa kidato cha pili. Haukuwa wokovu wa kuiga, yeye ndiye aliyekuwa akituamsha saa kumi na moja alfajiri tuombe. Baadaye kazi ikaisha, pombe ikaingia, kanisani akakoma. Alikufa Machi, ini. Tulimzika Lang'ata siku ya Alhamisi, na mnajua pale: mbele yenu kuna mazishi, nyuma yenu kuna mazishi, na vijana wa majembe wako pembeni wanaangalia saa kwenye simu.

Mchungaji wa mama akashika maiki. Ilikuwa inakatika, ikabidi aubane waya kwa kidole gumba. Akafungua Waebrania 6, pale pa waliokwisha kupewa nuru kisha wakaanguka. Akasema yeye hapambi maiti kwa maneno. Halafu hakututazama sisi, alimtazama mama, akamwambia, "Mama, huyu aliijua njia akaiacha. Tusidanganyane alipo."

Mjomba wetu ni Mbaptisti wa miaka mingi. Akatoka kwenye viti, akaja hadi ukingoni mwa kaburi, akataja Yohana 10:28, kwamba kondoo hawatapotea kamwe wala hakuna wa kuwapokonya mkononi mwa Yesu. Mchungaji akamjibu kwa maiki kwamba hakuna aliyempokonya, alijitoa mwenyewe. Mjomba akasema, basi mkono huo unaouhubiri wewe ni mdogo. Wakaendelea hivyo, jeneza liko juu ya zile kamba, kiatu cha mjomba kinabomoa ukingo na udongo unadondoka shimoni kidogo kidogo. Sauti ile ya udongo ndiyo siisahau. Kijana mmoja wa majembe akauliza, "Tuteremshe ama tungoje?"

Mama akainuka. Akajifunga leso upya, akasema, "Mmemaliza?" Hakuna aliyejibu. Akachota udongo mwenyewe, kabla jeneza halijashuka, akaumwaga.

Kanisa nililihama mimi. Mama bado yuko palepale, benchi la pili, na fungu la kumi anatoa.

Njeri_wa_Umoja
Pole sana dadangu. Sukuma imeungua kwa sababu yako.

Askari_wa_Msalaba
Pole, Mama Tii. Lakini mchungaji alikosea wakati, Neno hakulikosea. Mkiwaambia walevi kwamba mbinguni wameshawekewa kiti, nani ataacha chupa?

Kijana_wa_Kayole
Askari, mtu amezika kakake. Shika adabu kidogo.

Fundi_Stima
Mimi nina swali moja tu. Waebrania 6 inasema hao haiwezekani kuwafanya upya tena hata wakatubu. Sasa mbona kila Jumapili mnawaita waliorudi nyuma waje mbele waombewe? Chagua moja.

Askari_wa_Msalaba
Andiko hilo linahitaji ufafanuzi.

Fundi_Stima
Kaburini halikuhitaji?

Mwanafunzi_wa_Karen
Ndugu zangu, mnarithi ugomvi wa Waholanzi. Sinodi ya Dort, mkutano wa kanisa kule Uholanzi wa 1618 hadi 1619, ndiyo iliyokata kwamba mteule wa Mungu hawezi kuanguka kabisa, ikiwajibu wafuasi wa mwanatheolojia Arminius. Mwenyewe alikwisha kufa tangu 1609. Kichekesho ni kwamba Arminius hakukata shauri juu ya jambo hili, na hati ya wafuasi wake ya 1610 ilisema lichunguzwe zaidi kwanza. Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, ndiye aliyefundisha waziwazi kwamba aliyeokoka anaweza kupotea. Kwa hiyo mchungaji na mjomba waliamua kwa dakika kumi jambo ambalo Arminius aliogopa kuliamua.

Dereva_58
Karen watu wamelipa karo, si mchezo.

Otieno_Mkimya
Mimi nilitolewa nje ya darasa la shule ya Jumapili kwa kuuliza babu aliyekufa kabla ya wamishenari yuko wapi. Nilisimama kwenye jua mpaka sala ya mwisho. Ukubwani nikakuta wasomi waligombania swali hilohilo. Byang Kato, Mnigeria aliyeongoza muungano wa wainjilisti wa Afrika, alimshutumu John Mbiti wetu kwamba theolojia yake inaelekea kuwaokoa watu wote. Kato akafa maji Mombasa Desemba 1975, hajafika miaka 40. Babu yangu bado sijui yuko wapi.

Shosho_wa_Uamsho
Wajukuu, sisi wa Tukutendereza, uamsho uliotoka Rwanda miaka ya 1930, hatukuwa tukiuliza kama wokovu unapotea. Tulikuwa tukiulizana, umetubu lini? Leo asubuhi, au unakula kiporo cha mwaka jana? Ilitusaidia. Lakini msidhani tulikuwa malaika. Kuna dada tulimtenga kwa kusuka nywele, nami nilikuwa miongoni mwa waliomtenga. Nikikutana naye Gikomba napita upande mwingine.
Mama Tii, mwambie mamako Shosho anamsalimia.

Njeri_wa_Umoja
Shosho, mtafute huyo dada kabla ya Krismasi.

Dereva_58
Au asuke kwanza, ndiyo amtafute.

Askari_wa_Msalaba
Mama Tii, nimesoma tena ulichoandika. Wangemalizia nyumbani, si pale.

Mama_Tii
Asante, Askari. Asanteni wote. Nina shida nyingine, mnisaidie. Mama anataka jiwe la kaburi liandikwe mstari. Mjomba amejitolea kulipa, lakini anataka Yohana 10:28. Mama anasema hataki mstari uliotajwa siku ile, wowote ule. Fundi anangoja jibu Jumatatu.

Kijana_wa_Kayole
Jina na miaka. Basi.

Otieno_Mkimya
Zaburi 23, haijawahi kuleta vita.

Mwanafunzi_wa_Karen
Mstari wa 6 wa Zaburi hiyo ukiuangalia vizuri...

Fundi_Stima
Karen, nyamaza. Mama Tii, weka Yohana 11:35, "Yesu akalia machozi." Ni fupi pia, na mafundi wa mawe hulipisha kwa herufi.