Naomba ushauri: kuomba uraia wa Armenia nikiwa Mtanzania

Ndugu wanachama, mimi ni Mtanzania ninayeishi Yerevan, na nimetimiza miaka 3 ya ukaazi halali ambayo sheria ya uraia ya Armenia ya mwaka 1995 inaidai kwa mgeni asiye na asili ya Kiarmenia, mbali na kuimudu lugha yao na kuifahamu Katiba. Armenia imeruhusu uraia pacha tangu 2007. Kinachoniumiza ni sheria ya kwetu, nayo pia ya 1995, inayomwondolea mtu mzima uraia anapochukua wa nchi nyingine. Mama yangu ni mzee, na shamba la Moshi liko kwa jina langu. Je, kuna aliyepoteza uraia, akapewa hadhi maalumu (ile ya watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine), na akabaki na ardhi yake? Naombeni mnieleze kabla sijawasilisha maombi.