Naomba ushauri: nitalalamikaje bila mama kuumia?

Habari zenu ndugu zangu. Mama yangu ana ugonjwa wa figo, na mara mbili kwa wiki namtoa Kayole kwa matatu kumpeleka hospitali moja hapa Nairobi kusafishwa damu. Matibabu anayapata. Kinachoniuma ni jinsi anavyotendewa.

Mapokezi ni kwa alama za vidole. Vidole vya mama vimelainika kwa miaka mingi ya kufulia watu nguo, mashine haivisomi. Juzi akaambiwa, "Shosho, sugua ujaribu tena." Akasugua kwenye leso hadi machozi yakamlengalenga, na yule dada wa mapokezi hakutoa macho kwenye kompyuta. Ndani nako maswali naulizwa mimi, kana kwamba mwenye mwili hayupo.

Wauguzi ni wachache na wamechoka, hilo nalielewa. Lakini yupo mmoja ambaye humshika mama mkono na kumsalimia kabla ya kumdunga. Siku hiyo mama hurudi nyumbani akiongea njia nzima. Kumbe inawezekana!

Kifungu cha 28 cha Katiba kinamhakikishia kila mtu heshima, na najua kuna Baraza la Wauguzi. Ila mama ananisihi ninyamaze: "Mwanangu, hao ndio wameshika uhai wangu."

Nianzie wapi? Niongee na yule dada kando, au nimwone msimamizi wa wauguzi? Mliowahi kulalamika, mgonjwa wenu alitendewaje baadaye?