Acheni kufuta majina ya watunzi wa "kamusi" za utani

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kama wewe ni mmoja wa wanaochukua maneno ya kubuni ya wenzao, wakafuta jina la mtunzi na kuandika juu yake "Kwa mujibu wa Kamusi", uzi huu unakuhusu. Soma kwanza, matusi baadaye.

Mimi hutunga maneno ya mchezo. Nilitunga "ahadithi": ahadi ambayo hata anayeitoa anajua ni hadithi. Nikatunga na "usingizio", utetezi wa mtu aliyeshindwa kuamka. Niliandika wazi kwamba ni utani wangu, jina langu likiwa chini. Juzi jamaa mmoja kaniletea "ahadithi" bila kujua ni yangu. Jina limekatwa, pembeni imewekwa picha ya kitabu kinene, na maelezo yanasema neno hili lilitumiwa na wahenga. Wahenga wapi? Watu wanabishana kuhusu asili yake, mmoja anaapa amelikuta katika mashairi ya kale! Nilipomwandikia aliyelibandika, alinijibu, "Kwani neno lina mwenyewe?" Kisha akanifungia nisimwandikie tena.

Ndiyo, lina mwenyewe. Nyinyi mnadhani haya maneno yanaokotwa? Ahadi na hadithi yanashikana kwa sababu yote mawili yana "hadi" ndani yake, kwa hiyo ukiyaunganisha hakuna mshono unaoonekana. Usingizi na kisingizio vilevile, "singizi" imo kote kuwili. Ukigandamiza maneno mawili yasiyogusana, msomaji ataelewa ulichokusudia lakini hatacheka. Halafu fasili nayo lazima iwe fupi, kavu na yenye uhakika kama ya kamusi yenyewe, ila iseme jambo ambalo kamusi haithubutu kulisema. Neno moja likizidi, utani umekufa. Nimewahi kutupa maneno mengi mazuri kwa sababu tu fasili ilikataa kukaa sawa.

Na utani huo unahitaji msomaji ajue kuwa anataniwa. Mkimficha hilo, mmemdanganya. Mwanafunzi atalinakili kwenye insha, mwalimu atamkata alama, na aliyesababisha yuko mahali anahesabu waliopenda chapisho lake.

Msiniambie ni jambo dogo, maana wizi huu ni wa zamani. Mwandishi Ambrose Bierce wa Marekani alikuwa akichapisha fasili zake za kejeli gazetini katika miaka ya 1880. Zilipotoka kama kitabu kwa jina la The Devil's Dictionary mwaka 1911, ilibidi aeleze katika dibaji kwamba wachekeshaji wengine walikwisha kujichotea walichokitaka, na kwamba mengi yalishaingia katika mazungumzo ya watu. Alieleza hayo ili asije akadhaniwa yeye ndiye aliyeiba. Mtu anajitetea kwa mali yake mwenyewe, jamani!

Karibu zaidi na wakati wetu kulikuwa na mashindano ya Style Invitational, yaliyoanzishwa na gazeti la Washington Post mwaka 1993. Wasomaji walibuni maneno na kupindua maana za maneno ya kawaida, na washindi walitajwa kwa majina yao. Orodha zilipoanza kuzunguka kwa barua pepe, majina yakapotea, na mpaka leo zinasambazwa kana kwamba ni mashindano ya Mensa, chama cha watu wenye akili nyingi, ambacho hakikuhusika. Waliokesha wakitunga hawajulikani.

Halafu linganisheni na Samuel Johnson wa Uingereza. Mwaka 1755, ndani ya kamusi ya kweli kabisa, alimweleza mtunga kamusi kuwa ni mhenyekaji asiye na madhara. Utani umo ndani ya kamusi, lakini jina lake limeandikwa kwenye kitabu chenyewe, kwa hiyo kila anayeunukuu anajua ni wa nani. Sipingi utani kukaa kwenye kamusi. Ninachopinga ni kumfuta mtu.

Hata watunga kamusi wanawafahamu watu wa aina yenu. New Oxford American Dictionary ya mwaka 2001 iliwekewa makusudi neno la uongo, esquivalience, ili kuwanasa wanaonakili kimyakimya. Sisi tunaotunga mitandaoni tuna mtego gani? Hatuna. Tuna mstari mmoja wenye jina, na huo ndio mnaoukata kwanza.

Ukipenda neno la mtu, lichukue pamoja na jina lake. Kama humjui, andika "ni utani, mtunzi simfahamu". Hayo ni maneno manne. Na wewe uliyenifungia, najua unasoma hapa: rudisha jina langu chini ya "ahadithi" na uondoe hao wahenga wako, au ufute chapisho lote. Picha za mwanzo ninazo, zikiwa na tarehe, na nitaziweka hapahapa kwenye uzi huu.